Mama Somo

Padri aliposoma jina la marehemu pale kaburini, watu walitazamana. Mama mmoja aliyesimama nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Huyo nani tena? Si tumekuja kumzika Mama Festo?" Mwenzake akamjibu kuwa ndiye huyohuyo, hilo ndilo jina lake la kuzaliwa. "Kumbe alikuwa nalo," akasema yule wa kwanza, kama mtu aliyeambiwa kuwa marehemu alikuwa na shamba la siri. Ningecheka, maana mimi hucheka misibani, ni tabia yangu mbaya na wanangu wanaijua, lakini nilikuwa nalisikiliza lile jina. Huku kwetu, kuanzia Masasi mpaka upande ule wa Newala, mwanamke akishazaa jina lake huwekwa kando na halitafutwi tena. Utakaa na jirani yako mpaka mzeeke, mmeombana chumvi na moto, na siku akifa ndipo unajua aliitwa nani. Mimi nilikuwa mkamwana wa Mama Festo kwa zaidi ya miaka thelathini, na jina lile nilikuwa nimelisikia mara moja tu kabla ya siku ya kuzikwa kwake. Alilitamka mwenyewe, katika chumba cha uani cha nyumba yake ya Kitangari, na hakuwa anajitaja yeye.

Tumerudi Masasi juzi. Festo, mume wangu, amekaa barazani hataki kula, na mimi nimefunga mlango kwa kisingizio cha kuumwa kichwa. Siumwi kichwa. Nataka kuuandika mwaka ule kabla sijaanza kuupamba, maana mtu akizeeka huanza kuwagawia marehemu maneno mazuri ambayo hawakuyasema. Mwaka ule niliolewa, nikaanza kazi, nikazaa, na ulipokwisha nilikuwa nimebaki na ndoa na kazi. Watu wengi wanaonijua wanadhani niliyajifunza maisha chuoni au kwenye ualimu, hizo ndizo habari ninazowasimulia. Nilijifunza katika chumba kimoja chenye dirisha lililozibwa kwa gunia la korosho, na nilichojifunza humo hakijanisaidia kitu mpaka leo.

Nilipopangiwa kufundisha kule juu, kwenye nyanda za Newala, nilipanda na cheti changu, masanduku mawili, na kiburi cha mtu aliyekulia karibu na kisima. Masasi hatukuwa matajiri, lakini maji tulikuwa tunachota tu, hatuyaendei safari. Kule watu wanaishi juu na maji yako chini mabondeni. Ukiuliza kwa nini babu zao walijenga hivyo utaambiwa habari za vita vya zamani, na jibu hilo halijazi ndoo. Mama mkwe alikuwa akiondoka alfajiri na wanawake wenzake, na kurudi wakati wanafunzi wangu wanapanga mstari, ndoo kichwani, shingo imenyooka, hata majani aliyoyaweka juu ili maji yasimwagike hayajasogea. Siku yangu ya kwanza katika nyumba ile, baada ya kuolewa na Festo, nilioga kama nilivyozoea kwetu, nikaimaliza ndoo nzima. Akaitazama ile ndoo tupu, akanitazama na mimi. "Mwalimu," akasema taratibu, "leo umeoga safari yangu yote." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Tangu siku ile nikajifunza kuoga kwa kopo moja, na mpaka sasa, nina bomba uani, naoga kwa kopo moja.

Aliniita Mwalimu, na mimi nilimwita Mama. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye nembo za zamani mashavuni, chale zilizofifia, na meno ya mbele yaliyochongwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kule juu, mtu kwake ni ntu na mtoto ni ntoto, na nilipojaribu kumsahihisha siku moja, kwa ujinga wa cheti kipya, alinijibu kuwa yeye alikuwa hajawahi kumzaa mtoto, amezaa ntoto tu, na mimi nimeolewa na huyohuyo ntoto. Tulicheka wote. Naliandika hili ili ijulikane kuwa tulikuwa tunapatana. Wengi husimulia habari za mama mkwe mbaya, na mimi sina wa kumsimulia. Ingekuwa nafuu kuwa naye, maana ningekuwa na wa kumlaumu.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Nilijifungulia hospitali, mtoto wa kike, njiti, mdogo kiasi kwamba Festo alipompakata mara ya kwanza alishika kwa mikono miwili kitu kilichotosha mkono mmoja. Wauguzi walinitendea vizuri. Walinionyesha namna ya kumlaza kifuani ngozi kwa ngozi, namna ya kukamua maziwa na kumnywesha kwa kijiko, wakatukalisha pale mpaka walipoona anashika uzito kidogo, ndipo wakaturuhusu. Hakuna aliyekosea. Nimeipitia habari hii nyuma na mbele kama mtu anayesahihisha mtihani, nikitafuta mahali pa kuweka alama ya kosa, na sijapaona.

Kwa desturi, mimba ya kwanza ningeizalia kwa mama yangu, lakini mama yangu alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo nilirudi Kitangari, kwenye kile chumba cha uani. Palikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, chungu kilichopasuka mdomo ambacho mama mkwe alikitia makaa ili chumba kisipoe, na lile gunia dirishani. Joto la humo lilikuwa la kuivisha ndizi. Nje mabibo yalikuwa yameanguka chini ya mikorosho mpaka yakaanza kuchacha, na harufu yake tamu ilipita kwenye gunia pamoja na nzi. Hata leo nikisikia harufu ya bibo lililoiva kupita kiasi, maziwa yananichoma, mimi bibi mzima niliyekwisha kukoma. Asubuhi nililetewa uji wa mtama uliotiwa karanga. Mchana ugali wa muhogo na kisamvu, na mama mkwe akisimama mlangoni mikono kiunoni mpaka nimalize. "Tonge hili si la kwako," alikuwa akisema nikiisukuma sahani. "La kwako utakula ukipona. Hili la mgeni."

Mgeni ndilo jina alilokuwa nalo mtoto. Kwao, na hata kwetu Masasi zamani, mtoto hapewi jina mpaka kitovu kianguke na atolewe nje akaonyeshwe watu. Kabla ya hapo ni mgeni, hajaamua kama anakaa. Na anayempa jina ni mjomba, kwa sababu kwa watu wetu mtoto ni wa upande wa mama; baba, kama wanavyosema wenyewe bila aibu, ni jogoo tu. Wanawake walikuja kuniona mmoja mmoja, wakavua ndala mlangoni, wakamchungulia mgeni kwenye kanga, na utani ulikuwa uleule. Mama Zuhura, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwadhini, alisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku yake ya tatu imepita, jembe lake liko wapi?" Nilicheka kwa adabu. Halafu wakaenda jikoni, na jiko lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo, na ukuta wa udongo hausitiri maneno. Nikamsikia Mama Zuhura huyohuyo, sauti ameishusha, akimwambia mama mkwe, "Macho yake hayajatulia hapa, Mama Festo. Anatazama kama mtu aliyesahau kitu kwao." Mama mkwe aliendelea kusonga. Nikasikia mwiko unagonga sufuria.

Kitovu kikaanguka. Mama mkwe alikizika mwenyewe, na tukawa tunamsubiri mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa na mashamba yake huko ng'ambo ya Masasi. Tulimpelekea salamu kwa dereva wa lori la korosho. Jibu likarudi kwa dereva huyohuyo: amefurahi mno, amepokea, lakini korosho zinaanguka na wezi hawalali, akimaliza kuokota atapanda. Sikumshangaa. Msimu ule kila mtu aliishi ameinama. Korosho ikiangukia shamba ambalo mwenyewe hayupo inakuwa ya aliyeiona, na mjomba alikuwa na watoto wa kusomesha. Alidhani mtoto anaweza kusubiri na korosho haiwezi, na kwa watoto wengi ilikuwa kweli. Festo akasema basi atakwenda mwenyewe amlete, hata kama ni kumwokotea. Akaondoka na lori lililokuwa linashuka, na mimi nikabaki na mama yake, na mgeni.

Nilimwambia mama mkwe, "Mama, tumpe jina sisi. Mjomba akija tutamweleza." Alikuwa amekaa kwenye mkeka anapepeta mtama, hakuinua kichwa. "Ntoto huyu wa kwenu, Mwalimu. Nikimpa jina mimi nitakuwa nimeiba." Nikamwambia jina si kuku. Akasema ni zaidi ya kuku, kuku ukimwiba anarudishwa. Nikakasirika, nikageukia ukutani, na yeye akaendelea kupepeta kwa utaratibu uleule. Nilihitaji jina lile kwa sababu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Saa zote nilikuwa namsemesha mtoto, nikimwambia meza, mwanangu, meza kidogo tena, na nilijiona kama nampigia kelele mtu wa mbali nisiyejua anaitwa nani. Darasani nilikuwa na watoto wengi, na hata wakorofi kabisa ukiwaita kwa jina hugeuka. Nilidhani naye angegeuka.

Akaanza kukataa kijiko. Si kwa ghafla; alianza kuacha maziwa yakae mdomoni kama aliyesahau kumeza, halafu yanashuka pembeni na kulowesha kanga. Analala, na akiamka ni kama anaamka kwa kunionea huruma. Mama mkwe alimwogesha kwa maji ya vuguvugu kwenye bakuli la kulia ugali, maji kidogo yasiyojaa viganja, na akimaliza hakuyamwaga, aliyanyunyiza kwenye mche wa mpapai nje ya mlango. Tukapanga kumrudisha hospitali na lori la kwanza litakalopita kesho yake. Asubuhi tukaamka naye hivi: midomo imepauka, pumzi inakuja na kukaa sana kabla ya kuja tena. Lori lilikuwa halijapita. Mama mkwe siku ile hakwenda bondeni. Ndoo ilikuwa na maji ya chini kabisa, yale yanayobaki na mchanga.

Alikuja na kata ya maji hayo, akafunga mlango, akakaa kwenye mkeka mbele yangu. Alikuwa amejifunga kanga yake ya kwenda kanisani. "Mwalimu," akasema, "tulifundishwa kwamba ntu akizidiwa na padri hayupo, Nkristo yeyote anaweza kubatiza. Au nimesahau?" Nikamwambia hajasahau. "Maneno unayajua?" Nilikuwa nayajua, nilikuwa nimeyakariri tangu mtoto, lakini nilipofumbua mdomo hayakutoka, yalitoka mate na machozi tu. Kisha akamchukua mtoto kwenye mapaja yangu. Akachovya mkono kwenye kata, akausimamisha juu ya kile kichwa kidogo, na hapo akakwama, kwa sababu mahali pale panataka jina. Tulitazamana. Maji yalikuwa yanadondoka vidoleni mwake, na nikamwona akiyatazama yanavyodondoka chini bure.

"Basi nitampa la kwangu," akasema. "La kwangu naweza kulitoa, sijaliiba kwa ntu." Akaniambia, bila kuinua sauti, kuwa mama yake mzazi alizika watoto watatu kabla yake, wote wageni, hakuna hata mmoja aliyefika kuitwa. Alipozaliwa yeye, mama yake hakungoja kitovu wala mjomba; alimwita siku ileile jina la mtu aliyechoka kungoja bila kumwona mtoto anayekaa, na yeye akakaa. "Jina hili linakaa," akasema. "Limenikalisha mimi mpaka nimezeeka. Labda litamkalisha na huyu." Akachovya tena. "Sijaona, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Na mimi nikajua siku ile kuwa mama mkwe wangu anaitwa Sijaona.

Sasa nitaandika jambo ambalo ningependa kuliruka. Mtoto alifumbua macho. Yale maji yalikuwa ya baridi, najua, na mtoto yeyote akimwagiwa maji ya baridi hufumbua macho. Lakini alifumbua, akapiga chafya, na nilipomwekea kijiko akameza. Akameza tena. Mama mkwe akacheka kicheko cha msichana, mkono mdomoni. "Somo," akamwita, maana sasa walikuwa wanaitana jina moja. "Somo wangu, amka tukachote maji." Akageuka kwangu, na kwa mara ya kwanza hakuniita Mwalimu. "Na wewe Mama Somo, kunywa uji, unapoa." Nikanywa. Nilikunywa kile kikombe chote, na tangu nizaliwe sijawahi kula kitu kitamu kama uji ule, na kwa sababu hiyo sijaugusa uji wa mtama tena. Asubuhi ile tulikuwa watu wenye furaha. Jua lilipofika utosini, Sijaona aliacha pumzi moja ije, tukaingoja nyingine, haikuja.

Mtoto ambaye hajatolewa nje haliliwi. Sijui kama bado wanafanya hivyo. Wakati ule walifanya. Wanaume hawahusiki, matanga hayawekwi, na mama haendi kaburini, anabaki ndani, kwa sababu wanasema akiliona atafunga njia ya wengine. Wanawake walikuja kimya, wakamchukua kwenye kanga, na mimi niliachwa kitandani na mtu wa kunishika mkono. Nilisikia jembe. Halikuwa mbali, lilikuwa shambani nyuma ya nyumba, kati ya mikorosho, lakini sauti ilikuwa inagonga ukuta na kunizunguka, sikuweza kusema ni upande gani. Halikulia muda mrefu. Shimo dogo halina kazi.

Waliporudi walinawa, wakakaa, na Mama Zuhura akanishika goti. Alikuwa na moyo mzuri, nasema hivyo kwa haki. "Pole, Mwalimu," akasema. "Usilie sana. Maji yamemwagika, mtungi mzima." Ndivyo wanavyomwambia aliyefiwa na kichanga, maana yake wewe upo, utazaa tena. Wenzake wakaitikia kuwa ni kweli, mtungi mzima, Mungu mkubwa. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono ina udongo bado, hakuwa amenawa na wenzake. "Maji yamemwagika," akarudia. Wakamtazama. "Nyie watu wa wapi? Mnakaa hapa juu pamoja na mimi, mnashuka bondeni na mimi, leo mnasema maji yamemwagika kama vile ni mavumbi." Akaondoka mlangoni, na baadaye, wenzake walipokwisha kwenda, akarudi akaniambia tusimwambie mtu habari za jina. Mjomba angeona amedharauliwa, na ukoo wangu ungesema jina la watu wa jogoo limeingia kwao kwa mlango wa nyuma. "Tutalijua sisi," akasema. "Na yeye." Nikamuuliza wamemlaza mkorosho upi. Akatikisa kichwa. "Ukijua utakuwa unakwenda."

Festo alifika siku chache baadaye akiwa na mjomba, kuku mwenye miguu iliyofungwa, na vitenge viwili. Waliambiwa njiani, kwa hiyo waliingia wakiwa wamekwisha kunyamaza. Mjomba alikaa barazani kwenye kiti cha uvivu, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, akanipa pole kwa maneno marefu yaliyo sawasawa. Kisha akasema, kwa nia ya kunifariji, kuwa jina alilokuwa amekuja nalo ni la mama yangu, Hilda, na kwamba nisihuzunike, halijatumika, atalihifadhi. "Halijaharibika," akasema. Nikaitikia, "Ndiyo, mjomba." Mama mkwe alikuwa analeta maji ya kunawa, na alipomwinamia mjomba kumwagia mikononi alinitazama juu ya bega lake. Aliyamwaga yale maji kwa uangalifu mkubwa, kidogo kidogo, kama mtu anayepima dawa. Jioni tulimla yule kuku.

Hilda akazaliwa baadaye, mnene, mwenye kelele, akapewa lile jina lililohifadhiwa, na mimi nikawa Mama Hilda kwa dunia nzima: sokoni, kanisani, ofisini, kwenye daftari la akiba la VICOBA. Watu wote isipokuwa mmoja. Mama mkwe aliniita Mama Somo mbele ya kila mtu bila kuficha, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mimi ni mwalimu na mwalimu kazi yake ni somo. Walidhani ananitania. Walimu wenzangu walilipenda, wengine wakalichukua, wakawa wananipigia kelele barabarani, "Mama Somo, leo somo gani?" Nami nikajibu hesabu, au Kiswahili, kutegemea siku. Festo mwenyewe alicheka. Ni mama mkwe na mimi tu tuliojua, kila tulipokutana uani na ndoo au ungo, kuwa kuna mtu wa tatu ametajwa. Nilikuwa nikienda Kitangari kumsalimia, nasema "Shikamoo, Mama," na yeye anaitikia, "Marahaba, Mama Somo," na hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu. Sikuhitaji nyingine, na nyingine zote sizisadiki sana.

Miaka yake ya mwisho akili ilimtoka. Alimwita Festo baba, akamwita Hilda kwa majina ya dada zake waliokufa, bomba lililofika karibu na nyumba alilikataa, akawa anaomba ndoo aende bondeni. Mimi hakunisahau. Ningetaka kusema hilo lilinifurahisha. Nilipokaa karibu naye aliniuliza, "Mama Somo, somo amekula?" Nikamwambia amekula. "Amelala?" Amelala, Mama. Anaitikia kwa kichwa, anaridhika, na baada ya muda ananiuliza tena. Siku moja nikaona sasa ndiyo nafasi yangu, nikamwinamia nikamuuliza amelala wapi, mkorosho upi. Alifikiri kwa bidii, uso wote ukakunjamana na chale zikapotea ndani ya mikunjo. "Si uko naye wewe," akasema. Mikorosho ya zamani ilikwisha kukatwa, Festo alipanda miche mipya kwa mistari, na mahali pale hapana tena mtu anayepajua.

Fundi seremala alileta msalaba wa mninga siku ya mazishi, akauliza nani ataandika. Shemeji yangu alitaka uandikwe Mama Festo, ili watu wajue ni nani. Nikasema hapana, padri amesoma jina lake, litaandikwa jina lake. Festo akasema basi Mama Hilda ndiye aandike, mwandiko wake ni wa ubaoni. Nikapiga magoti kwenye mchanga, nikachovya brashi kwenye rangi nyeusi, nikaandika kwa herufi zile nilizowafundisha watoto wa watu maisha yangu yote, zenye tumbo na mkia mahali pake: Sijaona. Nikaacha nafasi chini yake tupu. Hilda alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli ananikinga jua. "Mama," akasema, "mbona hujaweka umri? Watu watauliza aliishi muda gani." Nikamwambia siujui. Na ni kweli, wa Sijaona mmoja siujui, hata yeye mwenyewe hakuujua. Wa mwingine naujua. Nikamrudishia fundi brashi yake, Hilda akanishika mkono kuniinua, na watu wakaanza kupita mmoja mmoja kunipa pole, pole Mama Hilda, pole sana Mama Hilda, kwa kufiwa na mkweo.